Tusifute Jina la Mnyonge



Leo nataka tuongee juu ya rejista ya kikundi. Mwenzetu akikosa kulipa mchango mara tatu, katibu anachukua kalamu na kufuta jina lake. Sheria ni sheria, tunasema. Lakini je, tumeuliza kwa nini hakuja? Mara nyingi ni mjane, au mgonjwa, au nyanya anayelea wajukuu yatima. Na hao ndio wanaohitaji kikundi zaidi.

Mwaka wa 1992 Padri Angelo D'Agostino, Mjesuiti na daktari, alianzisha makao ya Nyumbani jijini Nairobi kwa watoto wenye virusi vya ukimwi. Wakati ule wengi waliogopa hata kuwagusa. Baadaye Nyumbani walijenga kijiji huko Kitui, ambapo wazee na watoto yatima wanakaa pamoja kama jamaa moja. Nyanya hapokei msaada tu. Yeye mwenyewe ndiye mlezi.

Sisi hatuna pesa za kujenga kijiji, lakini rejista tunayo. Kabla ya kufuta jina, wanachama wawili wamtembelee huyo mtu. Asiye na shilingi apewe kazi anayoiweza, kama kutunza kuku wa kikundi.

Katika Mathayo sura ya 25, Yesu anajihesabu pamoja na wenye njaa na wagonjwa. Basi tukifuta jina lao, tumefuta la nani?