Kinundu Chini ya Taya

Msikilizaji, mama wa kijijini Guta anamwogesha mwanawe jioni, kidole kinagusa kinundu chini ya taya. Mara nyingi hiyo ni tezi inayopambana na kirusi cha mafua au surua, nayo hunywea yenyewe baada ya wiki mbili tatu. Antibayotiki zilizobaki nyumbani hazisaidii, haziui virusi.

Ila ukanda wetu wa Ziwa Victoria una historia yake ya uvimbe wa aina nyingine. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, akiwa Kampala, aliandika kuhusu watoto waliovimba mataya kwa saratani. Sampuli za uvimbe huo zilisafirishwa kwa ndege hadi London, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi walichokiona ndani yake. Karibu sote tumekipata kirusi hicho utotoni bila madhara makubwa. Malaria ya mara kwa mara inaaminika kukifungulia njia ya saratani. Ili kulipima hilo, kati ya 1977 na 1982 watoto wa Mara Kaskazini waligawiwa klorokwini. Saratani ilipungua, ingawa ilikuwa imeanza kushuka kabla ya ugawaji.

Kinachoniumiza ni kuchelewa kufika hospitali. Uvimbe wa saratani hii hukua ndani ya siku chache, na wanaofika mapema wengi hupona. Taya likivimba, meno yakilegea, mtoto apelekwe hospitali kesho asubuhi, hata kwa nauli ya kukopa. Tezi isiyonywea baada ya wiki hizo nayo ichunguzwe: yaweza kuwa kifua kikuu, au VVU, na vyote viwili vina dawa.