JE, KUJIJAZIA RISASI KUNALIPA?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Tukuyu)



Niliombwa nizungumze juu ya kazi niliyoifanya ujanani, yaani ufundi wa silaha jeshini. Nilikuwa nimetayarisha habari za matunzo ya bunduki, lakini Katibu amenipa barua ya kijana mmoja wa kidato cha tano, na swali lake limenivutia kuliko hayo yangu. Anasema mjomba wake aliyeko Marekani ana bunduki inayojilisha yenyewe, ya aina ile ile tuliyoizoea hapa kwa jina la SAR. Mjomba huyo hanunui risasi zilizo tayari, hujijazia mwenyewe nyumbani, na hujisifu kwamba anaokoa fedha. Kijana anauliza kama ni kweli kunalipa, na kama kunalipa huko, mbona huku hatufanyi?

Basi tuanze na risasi yenyewe. Ina vitu vinne: ganda, fataki iliyoko kitakoni mwa ganda, baruti ndani yake, na kichwa kinachoruka. Ukishapiga, fataki imekwisha, baruti imeungua, kichwa kimekwenda zake. Kinachobaki ni ganda tu. Kwa hiyo faida yote ya mjazaji imo katika ganda, na swali la kijana wetu ni hili: bunduki yake inalitendea nini ganda?

Mwenye bunduki ya komeo hulitoa ganda polepole kwa mkono wake na kulitia mfukoni. SAR haina upole huo. Hulivuta ganda kwa nguvu za gesi, hulibonyeza mdomo, kisha hulitupa majanini hatua kadhaa kutoka ulipo. Mtakaolitafuta ni wewe na watoto wako. Ukilipata, lazima ulikandamize lote katika kifaa chake mpaka lirudie kipimo cha kwanza, maana lisipoingia sawasawa komeo halifungi. Na chuma, kama ngozi ya ngoma, kikivutwa na kukandamizwa mara nyingi huchoka na kupasuka. Ganda hilo halitarudiwa mara nyingi kama la mwenye komeo.

Tena kuna jambo ambalo nadhani mjomba hakulieleza. Risasi nyingi za SAR, zile za milimita 7.62 kwa 39 zilizotoka Urusi na Uchina, zina maganda ya chuma cha pua, na ndani yake moto wa fataki hupita katika vitundu viwili vya pembeni. Vifaa vya kawaida vya kujazia hutegemea kitundu kimoja cha katikati, ambamo sindano hupita kuisukuma nje fataki iliyokwisha. Katika ganda la vitundu viwili sindano hugonga ukuta. Basi maganda hayo hutupwa, na anayetaka kujijazia hana budi kununua maganda ya shaba kwanza. Hapo akiba imeanza kuliwa kabla kazi haijaanza.

Bado saa zake. Kwa mashine ndogo ya mkono, mtu makini hutoa risasi 50, labda 100 kwa saa moja, na bunduki inayojilisha huzimaliza kwa dakika chache. Mwindaji wa komeo anayepiga mbili kwa siku, au mlenga shabaha anayetaka kila risasi ifanane na mwenzake, huyo namwelewa, na kazi yake inamlipa. Mwenye SAR simwelewi sana, isipokuwa kama anaipenda kazi yenyewe, kama wengine wanavyopenda kuvua samaki.

Nalo la hatari nilitaje. Pini ya SAR huelea ndani ya komeo bila kushikwa na springi. Komeo linaporudi mbele kwa kishindo, pini huigusa fataki kidogo. Fataki za kijeshi hutengenezwa ngumu ili ziustahimili mguso huo. Mtu akiweka fataki laini, au akiiacha imechomoza kidogo, risasi yaweza kulipuka kabla komeo halijafunga, usoni mwake.

Sasa nawaleta nyumbani, kwa sababu kijana anadhani jambo hili halikupata kufanyika kwetu. Lilifanyika, tena kwa wingi ambao mjomba wake hawezi kuuota. Aprili 1915 meli ya Kijerumani Rubens, iliyojifanya meli ya Kidenmark kwa jina la Kronborg, iliingia Ghuba ya Manza kaskazini ya Tanga ikiwa na shehena ya silaha. Manowari ya Kiingereza Hyacinth ikaipiga hapo hapo. Wajerumani wakaiokoa shehena, lakini maji ya bahari yalikuwa yamekwisha ingia katika risasi. Baruti na fataki zikazidi kuharibika kila siku.

Von Lettow-Vorbeck, jemadari wao, ameandika walivyofanya. Huko Moshi mpya risasi zilifunguliwa moja moja, baruti ikasafishwa, na baadhi ya fataki zikabadilishwa kwa nyingine zilizopatikana humu nchini, ingawa hazikuwa za aina ile. Kazi hiyo ilichukua miezi, tangu asubuhi mpaka jioni, na walioifanya walikuwa askari, wapagazi na wanawake, kila aliyeweza kupatikana. Hesabuni wenyewe kama ililipa. Bahari ilikuwa imefungwa, dukani hakuna, na vidole vya watu wetu havikuhesabiwa kuwa ni gharama.

Lakini sikilizeni jinsi zilivyogawanywa. Zile zilizogoma kiasi cha 20 katika kila 100 zilipelekwa vitani. Zilizogoma zaidi zilibaki za mazoezi. Na risasi nzima, ambazo hazikuguswa na maji, ziliwekwa kwa ajili ya bombomu peke yake. Jemadari alijua kwamba mtu mwenye bunduki ya komeo, risasi ikigoma, huitupa na kuvuta nyingine, lakini silaha inayojilisha yenyewe ikilishwa kibovu hukwama. Miaka zaidi ya 100 imepita, na hilo ndilo jibu langu kwa mjomba. Watu wa hapa wakumbuke kwamba Mei 1916, majeshi ya Jenerali Northey yalipovuka mpaka kutoka kusini na kuuingia mji wetu huu, uliokuwa ukiitwa Neu Langenburg, juhudi zote zile za Moshi hazikuuokoa.

Kwa nini huku haifanyiki? Kwanza ni sheria. Marekani, serikali kuu haimdai leseni mtu anayejijazia risasi za matumizi yake. Kwetu kutengeneza risasi bila kibali ni kosa. Tanzania pia ni miongoni mwa nchi zilizotia sahihi Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo inataka raia wasimiliki kabisa bunduki zinazojilisha zenyewe. Risasi za nchi zina kiwanda chake, Mzinga, huko Morogoro.

Lakini nikisema haifanyiki nitakuwa nawadanganya, na ninyi mnaotoka vijiji vya pembeni mwa msitu mnajua. Gobore ni nini kama si kujijazia? Mtutu wa bomba la maji, baruti ya kienyeji iliyokisiwa kwa kiganja, vipande vya nondo. Mjomba wa Marekani ana mizani na kitabu cha vipimo mbele yake. Mwenye gobore ana kiganja tu, na nimemwona mzee ambaye kiganja hicho hana tena. Kisha anakwenda nacho msituni kutafuta kima. Kipunji, ambaye wazee wetu walimjua kwa jina tangu zamani, wataalamu walimwona Mlima Rungwe mwaka 2003 tu, na mlima ukafanywa hifadhi mwaka 2009. Kima huyo hayupo popote duniani nje ya Tanzania, na idadi yake ni ndogo.

Kama kuna kitu cha namna hiyo darini kwa babu, au risasi za kale ndani ya kopo, msizifungue kuona kilichomo. Baruti ya kale haina tabia moja. Mwambieni mwenyekiti wa kijiji, naye atawaita polisi.

Naona mikono imekwisha inuliwa huko nyuma. Kijana mwenye sweta, anza wewe.