Anayesumbua Ndiye Ahame Meza

Msikilizaji, asubuhi yoyote pale Kinoo utawakuta vijana steji wakisubiri matatu ya kuelekea mjini, mabegi yamejaa vitabu. Wanafuata kitu ambacho nyumba ya chumba kimoja haina: meza na utulivu. Baadhi yao huishia Maktaba ya McMillan, Mtaa wa Banda, Nairobi.

Sasa fikiria msichana aliyeketi pale na maswali ya mtihani. Mwanamume anavuta kiti karibu naye. Anamuuliza jina, anataka namba ya simu. Akijibiwa kwa mkato, anainua simu na kumpiga picha. Msichana anakusanya vitabu na kuhamia meza ya pembeni. Jamaa huyo nyuma yake. Msichana anapomweleza mhudumu, anaambiwa, "Basi njoo ukae hapa karibu na mlango." Aliyekosewa anahamishwa, mkosaji anabaki amestarehe. Kesho yake binti haji tena. Hapo maktaba imemfukuza asiyepaswa kufukuzwa.

Mtasema sheria ipo. Ipo, lakini ina mwanya. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 kinamlenga mwenye mamlaka au mwenye wadhifa wa umma anayemwandama mtu kimapenzi. Msomaji wa meza ya pili hahusiki. Akimshika matiti au makalio, hilo ni kosa la jinai chini ya sheria hiyohiyo. Ila kwa nini tungoje afike huko? Mhudumu naye, kifungu cha unyanyasaji wa kingono katika Sheria ya Ajira ya 2007 kinamlinda dhidi ya mwajiri, mwakilishi wake na mfanyakazi mwenzake. Msomaji anayemtukana au kumtongoza kila siku hatajwi katika kifungu hicho. Mwanya huo utazibwa na kanuni za maktaba yenyewe.

Kanuni hizo zipime vitendo, si sura ya mtu. McMillan ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia. Tusirudie dhambi hiyo kwa kumtoa mtu kwa sababu nguo zake zimechakaa, au amesinzia kwa uchovu. Anayepiga simu kwa sauti aombwe atoke nje amalize, kisha arudi. Anayemwandama mwenzake ni mwingine kabisa.

Kwa huyo, hatua ziwe wazi na zibandikwe mlangoni kwa Kiswahili na Kiingereza: onyo moja, kutolewa siku hiyo, na akirudia, kufungiwa kwa muda uliotajwa, akiwa na haki ya kukata rufaa. Akishamgusa mtu, hakuna onyo, aitwe polisi. Kila tukio liandikwe kwenye daftari, ili mhudumu wa zamu ya mchana ajue yaliyotokea asubuhi. Na mhudumu asiachwe akabiliane na mtu peke yake. Askari wa mlangoni aelezwe kazi yake.

Aliyedhulumiwa anaweza kupiga 1195, namba ya msaada kwa waathiriwa wa ukatili wa kijinsia, bila malipo. Nasi tulioketi meza za jirani tuache kuinamia vitabu kana kwamba hatukuona. Simama, nenda kwa mhudumu, sema: "Nimeona, na niko tayari kuandika jina langu kama shahidi."