Kinachoyainua Maji ya Vilindini: Msukosuko wa Chini ya Bahari na Mzunguko wa Maji ya Dunia



Swali langu la leo ni moja: maji baridi yakishazama hadi sakafu ya bahari, hupandaje tena?

Habari ya kuzama tunaijua vizuri. Katika Bahari ya Weddell na Bahari ya Ross, kandokando ya Antaktika, barafu ikiganda huacha chumvi nyuma. Maji yanayobaki huwa baridi na mazito, nayo huporomoka vilindini. Mengine huzama karibu na Greenland. Kwa jumla, mamilioni ya mita za ujazo huzama kila sekunde, usiku na mchana. Kama yangezama tu bila kupanda, baada ya miaka elfu chache bahari ingejaa maji baridi karibu hadi juu, na mzunguko wa vilindini ungekwama.

Jua peke yake haliwezi kuyainua. Sote tunajua kupalia wali: makaa yakiwa juu ya mfuniko, punje za juu hukauka, lakini sufuria haichemki mpaka chini kuwe na moto. Bahari nayo hupata karibu joto lake lote kwa juu. Maji vuguvugu na mepesi huelea juu ya maji baridi na mazito, na tabaka hizo hazina sababu ya kuhama. Ili maji ya chini yapande, lazima kwanza yapewe joto la juu, yawe mepesi. Kwa hiyo ni lazima kitu kiyakoroge, na kukoroga kunahitaji nguvu.

Mwaka 1966 Walter Munk, wa taasisi ya Scripps huko California, alikokotoa ukubwa wa kazi hiyo kwa takwimu za Pasifiki. Alipata kwamba maji ya vilindini hupanda kwa wastani wa sentimita 1 hivi kwa siku. Mwendo huo ni mdogo mno, lakini ukienea bahari nzima unatosha kurudisha yote yaliyozama. Tatizo lilijitokeza vifaa vilipoanza kupima msukosuko wenyewe katikati ya bahari: ukorogaji ulioonekana ulikuwa kama sehemu moja ya kumi ya ule aliouhitaji. Sehemu nyingine tisa zilikuwa wapi?

Jibu lilianza kuonekana mwaka 1996 na 1997 katika Bonde la Brazili, kusini mwa Atlantiki. Watafiti waliachia kemikali vilindini, kisha wakafuatilia ilivyotawanyika. Juu ya sakafu tambarare, maji yalikuwa karibu tuli. Juu ya miteremko yenye makorongo ya Safu ya Kati ya Atlantiki, msukosuko uliongezeka mara kumi na zaidi.

Kinachofanya kazi hapo ni kujaa na kupwa kwa maji. Mkondo wake huyasukuma maji ya vilindini juu ya milima iliyozama. Tabaka hunyanyuka, hushuka, na kuzaa mawimbi yanayosafiri ndani kwa ndani ya bahari, wakati uso wa juu hauonyeshi karibu lolote. Mawimbi hayo yakivunjika, huzaa vizingia vidogo, hata vya sentimita chache, na hapo ndipo baridi na joto huchanganyika. Kwa vipimo vya setilaiti, Gary Egbert na Richard Ray walionyesha mwaka 2000 kwamba kiasi cha terawati 1 ya nguvu za kujaa na kupwa huishia katika bahari kuu. Upepo huongeza sehemu yake, na katika Bahari ya Kusini huyavuta maji ya kina moja kwa moja kuelekea juu. Hata hivyo, mwezi, chanzo kikuu cha kujaa na kupwa, una fungu kubwa katika kuendesha vilindi vya dunia.

Uchunguzi wa karibuni umetufunulia jambo la ajabu zaidi. Msukosuko huwa mkali zaidi karibu na sakafu. Kwa sababu hiyo, tabaka lililo juu kidogo ya mteremko hupoteza joto jingi zaidi kwa chini kuliko linalolipokea kutoka juu, nalo huwa zito na kushuka. Kupanda hufanyika katika utando mwembamba wa maji unaogusa mteremko wenyewe. Mwaka 2021, katika korongo la Rockall Trough, magharibi mwa Ayalandi, rangi iliyoachiliwa karibu na sakafu ilipanda kwa kiwango cha mita 100 hivi kwa siku, takriban mara 10,000 ya wastani wa Munk.

Jambo hili linatuhusu sisi moja kwa moja. Bahari ya Hindi imezibwa na Asia upande wa kaskazini. Maji ya Antaktika hupenya Mlango wa Amirante, karibu na Ushelisheli, na kuingia Bonde la Somalia, mbele ya pwani yetu. Kwa kuwa kaskazini kumezibwa, njia yake kuu ya kutoka ni kupanda. Na kati ya Ushelisheli na Morisi umesimama uwanda wa Mascarene, ambako maji yanayojaa na kupwa huzaa mawimbi ya ndani makubwa kiasi cha kutambuliwa na setilaiti.

Bahari imemeza zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada ambalo binadamu ameiongezea dunia. Muda ambao joto hilo na kaboni vitafichwa vilindini unategemea ukorogaji huu. Lakini programu za kutabiri tabianchi huigawa bahari katika miraba ya makumi ya kilomita, wakati vizingia ni vya sentimita. Kwa hiyo ukorogaji huingizwa kwa kanuni za makadirio, na kanuni ya makadirio huaminika pale tu ilipopimwa.

Ndiyo maana naomba chuo hiki kifundishe upimaji wa msukosuko kama kinavyofundisha hisabati yake, na kiwapeleke wanafunzi baharini na vifaa, wakati wa kusi na wakati wa kaskazi, wakati wa bamvua na wakati wa maji mafu. Mvuvi wetu anajua tangu zamani kwamba mwezi huyaamuru maji ya ufukweni. Ni wajibu wetu kupima jinsi unavyoyaamuru maji ya vilindini, kwa sababu mvua na joto la watoto wetu vimo katika hesabu hiyo.