Simu Yako Iwe Shahidi

Kaeni vizuri, sitawachosha.

Masika fulani nilipiga picha ya mpunga uliozama. Nikaipeleka ofisini, nikaulizwa: "Hili si dimbwi tu?" Kweli, picha ilikuwa na ukungu. Kosa lilikuwa langu. Tusilirudie.

Kwanza, futa kioo cha kamera kwa kitambaa laini. Simu inashinda mfukoni, na jasho na vumbi.

Pili, jua liwe mgongoni kwako. Pale Matema asubuhi jua linatokea nyuma ya Milima ya Livingstone. Ukielekeza simu huko unaambulia kiza. Subiri alasiri, milima yote inang'aa.

Tatu, usivute kwa vidole, sogea kwa miguu. Shika simu kwa mikono miwili, viwiko vibane mbavuni, halafu gusa skrini pale unapotaka paonekane.

Nne, weka kipimo. Barabara imekatika? Mtu asimame kando, mahali salama, ukubwa uonekane. Piga tatu: ya mbali, ya kati, ya karibu.

Tano, tunza picha halisi. WhatsApp inapunguza ubora, hivyo itume kama dokumenti. Andika tarehe na kijiji. Usiongeze chumvi: picha moja ya uongo inaua kumi za kweli. Na mama aliyepoteza shamba, muombe ruhusa kwanza.

Kiwira na Songwe zikifurika tena, tusikutwe mikono mitupu. Haya, toeni simu, tuanze na kitambaa.