Kinanda Kinachofuata: Wapigaji na Waimbaji wa Lodwar na Kakuma



Mwezi Februari 1706, katika mji mdogo wa Arnstadt, Ujerumani, kijana wa miaka 20 aliitwa mbele ya wakubwa wa kanisa ajieleze. Alikuwa amepewa ruhusa ya wiki nne, akaenda kwa miguu kilomita zipatazo 400 hadi Lübeck kumsikiliza mpiga kinanda mkongwe Dieterich Buxtehude, na akakaa huko karibu miezi minne. Wakubwa walimkaripia kwa kuchelewa. Walimkaripia pia kwa jambo la pili, nalo ndilo lililonisimamisha hapa leo: kwamba anapowaongoza waumini kuimba, anachanganya sauti ngeni nyingi mno kinandani hata watu wanapotea. Kijana huyo ni Johann Sebastian Bach. Habari hii tunayo kwa sababu karani wa kikao kile aliiandika.

Elimu yote ya kinanda huko Ulaya imejengwa juu ya makarani wa namna hiyo: kumbukumbu za vikao, mikataba ya mafundi, hati za matengenezo, nota zilizochapishwa. Albert Schweitzer, ambaye Afrika inamjua kama daktari wa Lambaréné, Gaboni, alikuwa kwanza mpiga kinanda na mwanazuoni wa kinanda. Kitabu chake kuhusu Bach kilitoka kwa Kifaransa mwaka 1905 na kwa Kijerumani, kikiwa kikubwa zaidi, mwaka 1908. Alipokuja Afrika mwaka 1913 alikuja na piano yenye kanyagio za kinanda, zawadi ya Jumuiya ya Bach ya Paris, iliyotengenezwa kwa ajili ya nchi za joto na unyevu. Aliweza kuyasoma maisha ya Bach kwa kina kwa kuwa karatasi zilikuwapo. Je, mtu akitaka kumsoma hivyo mpiga kinanda wa hapa Lodwar, Turkana, atasoma nini?

Kabla ya kujibu, nataka tukitazame chombo chenyewe. Wapo wanaosema kinanda ni kitu cha Wazungu kilichopandikizwa huku. Kinanda cha kwanza tunachokijua katika historia, kile cha nguvu ya maji, kilibuniwa na Ctesibius huko Alexandria, Misri, katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Bara hili ni kwao. Hata hivyo kinanda cha mabomba, kama kile cha Namirembe kule Kampala au cha All Saints kule Nairobi, kingepata taabu Lodwar, na sababu yake ni ya kifizikia. Sauti husafiri haraka zaidi katika hewa ya moto. Bomba lililowekwa sawa kwenye mitetemo 440 kwa sekunde, hewa ikiwa nyuzijoto 20, litapanda hadi karibu 451 hewa ikifika nyuzijoto 35, joto ambalo hapa ni la mchana wa kawaida. Hiyo ni karibu nusu ya nusu toni. Kupanda huko kungevumilika kama mabomba yote yangepanda pamoja, lakini yale yenye ndimi za chuma hayapandi kwa kiasi hicho. Ibada ya saa moja asubuhi na ile ya saa tano zingekuwa na vinanda viwili tofauti, na cha pili kingekuwa kinagombana chenyewe kwa chenyewe. Ongeza vumbi, na ukavu unaopasua mbao na ngozi za mivukuto.

Kwa hiyo kinanda chetu ni cha umeme, na umeme nao una historia yake. Bwawa la Turkwel, lenye uwezo wa megawati 106, lilianza kuzalisha mwaka 1991, na nguvu yake ikapelekwa kusini hadi kituo cha umeme cha Lessos. Lodwar, iliyo kwenye mto huohuo wa Turkwel, iliendelea kwa miaka mingi kuwaka kwa jenereta za dizeli. Mpigaji wa hapa amekua akijua kwamba chombo chake kinaweza kuzimika katikati ya wimbo wa Utukufu, na kwamba waimbaji hawatasimama. Jambo hilo limeumba sanaa yake kuliko somo lolote la nota.

Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa, isiyoingiwa bila kibali, wakati wa ukoloni. Mapadre wa Shirika la Mtakatifu Patrick, Waairishi wa Kiltegan, waliingia mwaka 1961, mwaka wa njaa kuu, chakula cha msaada kikiwa kazi yao ya kwanza. Eneo hili likawa na uongozi wake wa kikanisa mwaka 1968, na jimbo kamili la Lodwar mwaka 1978. Mapadre hao waliwakuta Waturkana, watu ambao muziki wao ulikaa kooni, mikononi na miguuni: mwanamume akimwimbia fahali wake aliyempenda, mikono juu kama pembe, wachezaji wa ngoma ya edonga wakiruka na kutua kwa pamoja, mmoja akianza na kundi likiitikia. Wimbo ulikuwa umekamilika. Haukuwa ukisubiri kinanda.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Kule Arnstadt, waumini walikifuata kinanda. Kikipotoka, nao wanapotoka, ndiyo maana kijana Bach aliitwa kikaoni. Katika makanisa ya Lodwar na vigango vyake, mara nyingi kinanda ndicho kinachofuata. Mama mmoja anaanzisha wimbo wa Ng'aturkana, lugha ya Waturkana, akiwa kwenye benchi lake, kwa ufunguo unaolifaa koo lake asubuhi hiyo. Mpigaji hana karatasi. Anasikiliza maneno mawili matatu, anatafuta sauti taratibu kwa kidole kimoja, anabonyeza kibonyezo cha kuhamisha ufunguo, naye anaingia pale kundi linapoitikia. Katika nafasi hiyo fupi ameamua mambo mengi: ufunguo upi, sauti zipi zikae chini ya wimbo ambao haukutungwa kwa ajili ya sauti nne, avute ndefu au afuate makofi. Kuna mapigo ya ngoma yaliyomo ndani ya chombo chenyewe, yanayokwenda kwa mwendo usiobadilika. Mpigaji hodari huyazima, kwa kuwa anajua waimbaji hupunguza na kuongeza mwendo kwa pumzi zao. Na wakati mwingine anaamua kutopiga kabisa. Uamuzi huo nauheshimu kuliko yote, na sijaona nota inayouandika.

Mwaka 1963 Padre Stephen Mbunga wa Tanzania alichapisha Church Law and Bantu Music, akipima sheria za Kanisa kuhusu muziki mtakatifu dhidi ya muziki wa Wabantu. Tarehe 4 Desemba mwaka huohuo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukatoa hati yake ya liturujia. Kifungu cha 119 kinataka mapokeo ya muziki ya watu yapewe heshima na nafasi yake. Kifungu cha 120, hapohapo chini yake, kinakisifu kinanda cha mabomba. Vifungu viwili vimewekwa jirani, na namna ya kuvikutanisha haikuelezwa. Kazi hiyo imeangukia vidole vya mpigaji wa kigangoni, naye huifanya kila Jumapili bila mtu kumwita mfasiri wa Mtaguso, ingawa ndivyo alivyo.

Tumewaandika watunzi. Mtandao wa Swahili Music Notes una maelfu ya nyimbo za Kikatoliki, na juu ya kila wimbo kuna jina la aliyeutunga. Ni hazina, na wanaoitunza wanastahili shukrani. Lakini nota nyingi zina sauti nne za waimbaji tu. Utangulizi, viunganishi, na kila kinachotokea kati ya ubeti na kiitikio ni kazi ya mpigaji, naye jina lake halimo popote.

Sasa twende Kakuma, kilomita zipatazo 120 kaskazini-magharibi. Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992, na makazi ya Kalobeyei yakafuata mwaka 2016. Sijui mahali pengine Kenya ambapo mwanafunzi wa kinanda angejifunza mengi hivyo kwa kutembea asubuhi moja. Kwa Wakongo, kinanda kinakaa na gitaa na besi, na mpigaji anajua kusubiri sebeni, ile sehemu ya gitaa na kucheza. Kwa Waethiopia wa Orthodoksi, liturujia ya kale inakwenda kwa ngoma, kayamba za chuma na fimbo za sala, na kinanda hakina nafasi. Hilo nalo ni somo. Kwa Wadinka wa Kianglikana, wimbo mpya ulizaliwa kutokana na vita vya Sudan na kukimbia, ngoma ikiubeba.

Nyimbo hizo za Kidinka zilipata mtu wa kuziandika. Mchungaji Marc Nikkel, Mmarekani, alizikusanya pamoja na habari za watunzi wake, miongoni mwao Mary Alueel Garang. Kitabu chake Dinka Christianity kilitoka Nairobi mwaka 2001, baada ya kifo chake mwaka 2000. Wakati huohuo vijana wa Sudan zaidi ya 3,500, wengi wao wa Kakuma, walikuwa wakihamishiwa Marekani, na nyimbo wakaondoka nazo. Angechelewa miaka michache, angelazimika kuwatafuta waimbaji wake katika miji ya ng'ambo. Wapiga kinanda wa Kakuma wameondoka vivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine, kwenda Canada, Australia na Marekani.

Ninachopendekeza kinaweza kuanza Jumapili ijayo. Vinanda vingi vya umeme vinaweza kurekodi vyenyewe kila kibonyezo kilichoguswa, wakati gani na kwa nguvu gani. Karani wa Arnstadt hakuwa na kitu kama hicho. Tuitumie kumbukumbu hiyo, na kando yake tuweke simu ya kurekodi waimbaji, kwa kuwa kinanda kinachofuata hakieleweki bila sauti inayofuatwa. Kwa kila wimbo tuandike nani alianzisha, kwa ufunguo gani, mpigaji aliingia baada ya maneno mangapi, alihamisha ufunguo kiasi gani, na ni wapi alinyamaza. Kisha tuketi naye, tumsikilizishe, tumwulize kwa nini. Majibu yake tuyachapishe kwa jina lake kamili akikubali, kama tunavyolichapisha jina la mtunzi. Rekodi na ibaki kwake na kwa kanisa lake kwanza. Sisi wa chuo tupewe nakala, na tuiombe upya kila tunapotaka kuitumia kwa jambo ambalo hatukumwambia.