Upele, Kucha na Kijiji: Utafiti wa Kitabibu na Swali la Nani Hasa ni Mgonjwa

Kwa muda mrefu upele umehesabiwa miongoni mwa magonjwa mepesi ya ngozi, ugonjwa wa watoto wa bweni na wa mahabusu, ambao dawa yake inajulikana, ambao kwa kawaida hauui, na ambao kwa sababu hizo haukuonekana kustahili muda wa mtafiti. Shirika la Afya Duniani lenyewe liliuingiza katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele mwaka 2017 tu, ilhali makadirio yanayotumiwa na shirika hilo yanaonyesha kwamba wakati wowote ule watu wapatao milioni 200 duniani huwa nao. Mhadhara huu unapitia majaribio ya kitabibu yaliyofanywa tangu mwanzoni mwa muongo uliopita, hasa katika visiwa vya Pasifiki, na kuyasoma pamoja na yaliyoonekana Zanzibar, Kongwa na Kwale. Hoja yake ni kwamba majaribio hayo hayakuleta dawa mpya hata moja. Yalichobadilisha ni jibu la swali ambalo tabibu hudhani amekwisha kulijibu pindi mtu anapoketi mbele yake, yaani nani hasa ni mgonjwa.

Upele husababishwa na kidudu cha jamii ya utitiri kiitwacho kitaalamu Sarcoptes scabiei, ambacho jike lake halifikii hata nusu milimita kwa urefu. Jike hilo huchimba kijia katika tabaka la juu kabisa la ngozi, lile la seli zilizokwisha kufa, na humo hutaga mayai mawili au matatu kila siku katika uhai wake wa mwezi mmoja hadi miwili. Mayai huanguliwa baada ya siku tatu au nne. La kushangaza ni uchache wa wavamizi wenyewe, kwa kuwa mtu mwenye upele wa kawaida, anayekesha akijikuna mwili mzima, huwa na vidudu kumi hadi kumi na vitano tu, kwani muwasho hautokani na meno yao bali na mwili unaopigana na mate, mayai na kinyesi chao. Mwili huo huchelewa kuzinduka: aliyeambukizwa kwa mara ya kwanza hukaa wiki nne hadi sita bila dalili yoyote, huku akilala kitanda kimoja na nduguze na kuwapa bila kujua kile ambacho yeye mwenyewe hajakihisi. Kwa maneno mengine, siku mtu anapokwenda zahanati, nyumba yake imekwisha kuingiliwa.

Waswahili husema upele humwota asiye na kucha, na methali hiyo hutumiwa kumsikitikia mtu aliyepewa neema au shida asiyo na nyenzo za kuimudu. Ikisomwa kitabibu, methali hiyo ina kasoro, maana asiye na kucha ndiye mwenye bahati. Kucha ndizo zinazochana ngozi na kuwafungulia mlango bakteria wa aina ya streptokoki na stafilokoki, ambao huugeuza mkwaruzo kuwa kidonda cha usaha, na maambukizi ya streptokoki katika ngozi yanaweza, wiki chache baadaye, kuamsha uvimbe wa figo unaomfanya mtoto avimbe uso na kukojoa mkojo wenye damu. Njia hiyo ndefu kutoka kwa kidudu hadi kwenye figo ndiyo iliyowafanya watafiti waache kuuita upele ugonjwa mwepesi, na ndiyo sababu majaribio yatakayoelezwa hapa yalihesabu vidonda vya usaha sambamba na upele wenyewe.

Dawa za kupaka zimekuwapo miaka mingi. Katika zahanati nyingi za Afrika Mashariki inayojulikana zaidi ni losheni ya benzili benzoeti, ambayo wauguzi huiita kwa kifupi BBE, na pengine krimu ya pemethrini ya asilimia 5, ambayo ni ghali zaidi. Katika maabara dawa hizi huua vidudu vizuri. Taabu huanza nyumbani. Losheni hiyo yapasa ipakwe mwili mzima kuanzia shingoni hadi nyayoni, bila kuruka makwapa, kitovu, makalio wala sehemu za siri, ikae saa ishirini na nne, na irudiwe kwa kadiri mwongozo unavyoagiza, nayo huchoma vikali mahali palipochanika. Mama mwenye watoto watano katika chumba kimoja hupewa chupa moja kwa ajili ya mtoto mmoja aliyeletwa, na hata akipata chupa za kutosha, atawapaka wote jioni, kisha ataamka alfajiri kukanda unga, kuosha vyombo na kufua. Katikati ya vidole, mahali ambapo kidudu hupenda kuliko pengine pote, ndipo dawa inapooshwa kwanza. Kumlaumu mama huyo kwa kutofuata maelekezo, kama ilivyokuwa ada katika ripoti nyingi, ni kuhesabu udhaifu wa njia ya matibabu kuwa tabia mbaya ya mgonjwa.

Dawa ya pili katika kisa hiki ni ya kumeza, nayo ilianzia mbali na ngozi. Ivamektini ilitokana na bakteria wa udongo aliyekusanywa Japani na Satoshi Ōmura na kufanyiwa kazi na William Campbell katika kampuni ya Merck, ikatumiwa kwanza kwa mifugo, kisha kwa binadamu dhidi ya usubi, ule upofu unaosababishwa na minyoo inayosambazwa na nzi wa mitoni. Mwaka 1987 kampuni hiyo ilitangaza kuitoa bure kwa ajili ya usubi, na mwaka 1998 ahadi hiyo ikapanuliwa hadi kwenye matende na mabusha katika nchi ambako matende na usubi vipo pamoja. Dawa hii hupoozesha mishipa ya fahamu ya minyoo na wadudu kwa kushika milango ya seli ambayo binadamu hana ya namna hiyo. Ina kasoro moja ambayo haina budi kukumbukwa hadi mwisho wa mhadhara huu: hukaa mwilini muda mfupi na haiui mayai, ndiyo maana kwa upele hutolewa dozi mbili zinazoachana kwa wiki moja hadi mbili, ili ya pili iwakute walioanguliwa baada ya ya kwanza.

Jaribio lililogeuza mambo lilifanyika Fiji na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2015, mwaka uleule ambao Ōmura na Campbell walitunukiwa Tuzo ya Nobel. Jamii tatu za visiwani, zenye washiriki 2,051 kwa jumla, ziligawanywa kwa nasibu, yaani kwa bahati nasibu isiyompa mtafiti nafasi ya kupendelea. Ya kwanza ilipata huduma ya kawaida, ambapo aliyeonekana na upele na watu wake wa karibu walipewa pemethrini. Ya pili ilipakwa pemethrini yote, wagonjwa na wazima. Ya tatu ilimezeshwa ivamektini yote, isipokuwa wale wasioruhusiwa kuimeza, ambao walipakwa krimu. Baada ya miezi kumi na miwili, upele katika jamii ya kwanza ulikuwa umeshuka kutoka asilimia 36.6 hadi 18.8, katika ya pili kutoka 41.7 hadi 15.8, na katika ya tatu kutoka 32.1 hadi 1.9. Vidonda vya usaha vilipungua katika jamii zote tatu, na katika ile ya ivamektini vilipungua kwa theluthi mbili, ingawa hakuna aliyepewa kiuavijasumu kama sehemu ya mpango huo. Ukiondolewa muwasho, kucha hupumzika.

Takwimu hizo zinavutia, lakini msomaji makini hana budi kuuliza zilipatikana kwa watu 2,051 au kwa jamii tatu. Kilichogawanywa kwa nasibu kilikuwa jamii, si mtu mmoja mmoja, na kwa hiyo kwa lugha ya wanatakwimu jaribio hilo lilikuwa na vizio vitatu tu, kila njia ya tiba ikiwa na kimoja. Tena visiwa vidogo vina faida ambayo kata ya bara haina: wageni ni wachache na boti huhesabika. Hata hivyo haikuwezekana kufanya vinginevyo. Kumpa mtu mmoja dawa na jirani yake kumnyima, katika ugonjwa unaorudi kupitia kwa jirani huyohuyo, kungepima kasi ya kuambukizwa upya badala ya nguvu ya dawa. Hapo ndipo umbo lenyewe la jaribio lilipokiri jambo ambalo kliniki zilikuwa bado hazijalikiri.

Majaribio makubwa zaidi yalifuata. Katika mkoa wa Choiseul, Visiwa vya Solomon, ivamektini ilitolewa pamoja na kiuavijasumu cha azithromisini kwa watu zaidi ya 26,000, na mwaka mmoja baadaye upele ulikuwa umeshuka kutoka asilimia 18.7 hadi 2.3. Fiji ikarudia zoezi hilo katika eneo lake lote la kaskazini, lenye watu zaidi ya 100,000, na safari hii kilichopimwa kilikuwa vitanda vya hospitali: waliolazwa kwa maambukizi ya ngozi na nyama zilizo chini yake walipungua kwa asilimia 17. Kipimo hicho ni bora kuliko kuhesabu vipele, kwa sababu waziri wa fedha anakielewa.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, jambo la kutafakari ni kwamba ushahidi wa namna hiyo ulikuwapo nyumbani kabla ya Fiji, ila ulipatikana kwa upenyo. Zanzibar ilianza kugawa kingatiba ya matende, yaani ivamektini pamoja na albendazoli kwa watu wote, mwaka 2001, na watafiti waliopekua baadaye daftari za vituo vya afya waligundua kwamba wagonjwa wa upele walioandikwa humo walikuwa wamepungua kwa asilimia 68 hadi 98. Daftari la zahanati si jaribio la nasibu, na aliyeacha kuja kituoni si lazima awe amepona, lakini upungufu wa kiasi hicho ni mgumu kuuelezea kwa sababu nyingine. Huko Kongwa, mkoani Dodoma, vijiji vinane vilivyokuwa vikipata kingatiba hiyohiyo vilipimwa kwa uangalifu zaidi: upele ulikuwa asilimia 4.4 kabla ya ugawaji, ukashuka hadi asilimia 0.84 mwezi mmoja baadaye, kisha ukaanza kupanda tena. Kingatiba ya matende hutolewa dozi moja kwa mwaka. Mayai yaliyosazwa yalipata wiki hamsini na moja za kufanya kazi yao. Kwa upande wa pwani ya Kenya, jaribio la Kwale lililochapishwa mwaka 2025, ambapo ivamektini ilitolewa kila mwezi ili mbu wafe kwa damu wanayoinyonya, lilipunguza malaria kwa watoto kwa asilimia 26, na hivyo kuipa dawa hiyo sababu nyingine ya kuwafikia watu walewale wanaojikuna.

Dawa ya kumezwa na kila mtu hudaiwa usalama wa kiwango kingine kabisa, kwa kuwa wengi wanaoimeza hawaumwi. Katika misitu ya Kongo na ya nchi jirani kuna minyoo iitwayo Loa, na mtu mwenye mabuu mengi ya minyoo hiyo katika damu akimeza ivamektini anaweza kupata madhara ya ubongo hata akapoteza fahamu, hivyo mpango uliofaulu Fiji hauwezi kuhamishiwa huko bila kupima damu kwanza. Wajawazito hawapewi. Watoto wenye uzito chini ya kilo 15 nao hawapewi, na kwa kuwa mizani haibebeki kirahisi, mgawa dawa wa kijijini hutumia fimbo iliyochorwa alama: aliyefikia sentimita 90 hupata kidonge kimoja, wa 120 viwili, wa 141 vitatu, na anayezidi 158 vinne. Anayepita chini ya alama ya kwanza hurudishwa kwa mama yake bila kitu, ingawa umri huo nao hushikwa sana na upele, na katika kijiji kisicho na krimu ya pemethrini ndiye atakayebaki na vidudu vya kuwarudishia wakubwa.

Lipo na tatizo la hesabu za kiutawala, ambalo halikuonekana katika jaribio lolote. Ivamektini ya bure inatolewa kwa ajili ya usubi na matende. Wilaya inayofaulu kuwamaliza minyoo wa matende hupimwa, hupita, na kingatiba husimamishwa kama ipasavyo. Fimbo huegeshwa stoo, na shehena inayofuata haiji, kwa sababu ugonjwa ulioandikwa kwenye fomu ya kuombea dawa umekwisha, na upele haukuwahi kuandikwa humo.